Marashi ya Baridi

Zilikuwa zimebaki siku tatu, na mimi sijui baridi ni kitu gani.

Mume wangu Sadallah alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa Oysterbay. Mwaka ule wa hamsini na mbili mzungu akapata likizo ndefu ya kwenda kwao Uingereza, akaamua kwenda na mpishi wake. Meli ilikuwa inaondoka Alhamisi. Walishampa koti la sufu, kuukuu, zito, ambalo hapa Temeke hata kulitazama tu ni jasho. Lilining'inia msumarini chumbani, na kila nilipopita nililipiga kofi.

Kwetu mwanamume hatoki nyumbani hivihivi. Nguo zake zinafukizwa udi, shingo inapakwa mafuta mazuri, na anakopita watu wanajua yupo mwanamke aliyemwandaa. Kazi hiyo naiweza, maharusi wengi wa Temeke wamepita mikononi mwangu. Lakini marashi ya kuvaliwa kwenye baridi sikuwahi kuyatengeneza, na Sadallah kila nikimuuliza anacheka: "Tia chochote, mke wangu, mradi yanukie."

Chochote! Mfaume, mume wa jirani yangu Mwanakombo, alipanda meli vivyo hivyo, na ule ulikuwa mwaka wa nne. Mwenzangu hakuachwa wala hakurudiwa. Niliogopa, na sioni haya kusema. Nilitaka Sadallah kila akivaa koti lile akumbuke alikotoka.

Mtaani kwetu aliyewahi kuishi kwenye baridi hiyo alikuwa mmoja tu, Mwalimu Polikarpo, mtu wa Bukoba, aliyekwenda kusoma Uingereza mwaka mzima akarudi na miwani na kikohozi. Jumatatu alasiri nilifunga vichupa vitatu kwenye pindo la kanga nikamwendea. Alikuwa barazani anasahihisha madaftari, na mkewe Benedicta yuko uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, bibie. Karibu."

"Nimekuletea kazi nyingine ya kusahihisha," nikamwambia, nikamweleza habari ya safari.

Alivua miwani, utadhani pua nayo huivaa. Kichupa cha kwanza kilikuwa cha asumini na waridi. Alinusa akatikisa kichwa. "Mazuri, ila kule hayafiki hata mlangoni. Baridi inaua maua." Cha pili kilikuwa cha udi na miski. Alikiinamisha, akayatazama yanavyotembea.

"Umechanganya na mafuta ya nazi?"

"Ndiyo."

"Yataganda. Mwezi wa saba tu hapa asubuhi yanaganda, sembuse kule? Atayachokonoa kwa kijiti."

Niliona aibu kweli. Hata mtoto angelijua hilo.

Cha tatu kilikuwa karafuu, mdalasini, iliki na kungumanga kidogo, ndani ya mafuta ya sandali. Alijipaka nyuma ya kiganja. Kwa joto lile harufu ilipanda ikajaza baraza yote mpaka kichwa kikaniuma, na Benedicta akapiga chafya huko uani.

"Nyie, mnapika pilau huko?"

Mwalimu hakucheka. Aliendelea kunusa mkono wake.

"Haya ndiyo," akasema. "Hapa joto linayatawanya, yanamfikia kila mtu. Kule yanatulia. Yatakaa kwenye sufu wiki nzima, lakini hayanukii mbali. Mpaka mtu akusogelee."

"Amsogelee nani?"

"Mtu yeyote. Mie nilikuwa na kichupa cha namna hii. Siku moja nangoja basi, theluji inaanguka, mama mmoja wa kizungu akanisogelea mpaka hapa." Akagusa kola yake. "Akaniuliza, nani kakutengenezea?"

"Ukamjibuje?"

Alitazama uani, akashusha sauti. "Nikamwambia nimenunua."

Kisu cha Benedicta kilinyamaza kidogo, kisha kikaendelea.

Nilirudi nyumbani nawaka. Kumbe nimepika pilau la kuliwa na wengine! Njia nzima nilikuwa naiona pua ya mwanamke nisiyemjua kwenye kola ya mume wangu. Kichupa cha tatu nikakizika ndani ya debe la mchele. Jumanne nikakitoa, nikakizika tena. Nilifagia uwanja mara mbili, nikagombana na Mwanakombo kwa ajili ya ndoo ambayo hakuigusa. Jumatano nikaenda dukani nikanunua marashi ya rahisi, yale ya kunyunyizia wageni kwenye maulidi, nikalimwagia koti.

Alhamisi asubuhi Sadallah alilivaa. Akainamisha pua begani, akatulia, akalivua.

"Somoe, haya si ya mkono wako."

"Marashi ni marashi. Wewe si ulisema chochote?"

"Nilisema yanukie. Haya yananukia kama ya mtu asiyengojewa na mtu."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia yote, ya mwalimu, ya theluji, ya yule mama na kola, ya Mfaume. Nililia kwa sauti, na mlango uko wazi. "Watakusogelea huko, Sadallah! Mie nitakuwa hapa nachambua mchele!"

Alikaa ukingoni mwa kitanda, koti mapajani. Safari hii hakucheka.

"Haya, wasogee," akasema. "Wakiniuliza nani kakutengenezea, unataka niwajibu nini? Kwamba nimenunua?"

Nilikwenda kwenye debe, nikatia mkono kwenye mchele mpaka kwenye kiwiko, nikatoka na kichupa. Nikalipaka koti bitana, nikapaka mikono, nikapaka mifuko. Kola nikaipaka mara mbili.