Mafuta Yaliyoishia Kwenye Nguzo

Selina alikuwa amelala chali chini ya gari lao, Noah, mgongo kwenye gunia la vitunguu, anaangalia mafuta ya gia boksi yakishuka kwenye beseni. Meusi tii. Ndiyo maana gari lilikuwa linasita bana. Mwezi uliopita liligoma katikati ya mlima wa kutoka Mang'ola, injini inalia, matairi hayaendi, na mama mkwe wake, Bibi Antonia, akawakosa madaktari wa macho waliokuja Karatu. Sasa wanarudi Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Wakiondoka tena ni mpaka mwakani, na mtoto wa jicho hasubiri mtu.

Mume wake, Lazaro, yuko Ngorongoro na wageni. Anamwelekeza kwa simu, mtandao ukipenda.

"Mama Witness, sikiliza. Kile kijiti cha kupimia si kilikatika zamani? Basi utakachotoa ndicho utakachorudisha. Haivuji, kiwango kilikuwa sawa. Yakipungua gari halipandi, yakizidi yanafanya povu. Pima, usikisie."

"Nimekusikia, baba Witness. Wewe angalia simba wako."

Akarudisha boliti ya kumwagia mafuta kwa mkono, akaenda kwa jirani Hhando kuazima spana ya kukazia. Kurudi, beseni limeoshwa, limeanikwa juani, linang'aa.

"Mama, yale mafuta yaliyokuwa humu?"

"Nimepaka nguzo za zizi," Bibi akasema, brashi bado iko mkononi. "Mchwa wanatumaliza. Au yalikuwa na kazi?"

Selina akakaa kwenye jiwe. Atamlaumu kwa lipi? Mafuta machafu yakitoka kwenye gari, huku kila mtu anapaka nguzo. Hata yeye angepaka. Na mkwe hafokewi.

"Hapana, mama. Nilitaka tu kujua yalikuwa kiasi gani."

"Vikombe saba na nusu."

"Ulihesabu?"

"Kila nguzo kikombe kimoja. Zimeenea saba, ya nane ikapata nusu. Kikombe changu hiki cha bati."

Hapo sasa ndipo Selina akaingiwa na wasiwasi. Huyu asubuhi kamwambia mbuzi, Witness vaa viatu uende dukani. Vikombe kavijazaje sawasawa?

Akaleta ndoo ya maji. "Mama, naomba unichotee kama ulivyochota mafuta."

Bibi akashika kikombe, kidole gumba kimeingia ndani ya ukingo, akachota, akapunguza taratibu mpaka maji yakaishia kwenye ukucha. Selina akayamimina kwenye chupa, akachora mstari kwa mkaa. Akamwaga, akaomba kingine. Mstari uleule. Cha tatu, uleule.

"Nimeuza togwa mnadani miaka ishirini," Bibi akasema. "Unadhani nilikuwa naangalia kikombe? Nilikuwa naangalia wezi."

Selina akacheka mpaka mabega yakalegea. Akakaza boliti, akafungua mafuta mapya, mekundu. Bibi akapima kwa kidole chake, Selina akamimina kwa faneli. Saba na nusu. Akawasha gari, akapitisha gia moja moja bila haraka, na kila moja ikaingia bila kushtuka.

Jumatatu, pale mlimani, Selina ameshika usukani kwa mikono miwili, sikio kwenye injini. Gari linapanda tu.

"Tumefika pale lilipogoma?" Bibi akauliza.

"Tumepapita kitambo, mama."

Alhamisi, jicho la kulia limeshatolewa bandeji, Bibi alisimama mbele ya zizi muda mrefu.

"Mama Witness. Hizi nguzo zimepakwa upande mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Na majani yote haya chini yameungua. Nusu nimewapakia mchwa wenyewe."

"Nimeona, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Ukaninyamazia."

Selina akainama kuokota kuni ambazo wala hakuwa anazihitaji. "Mwezi ujao namwaga ya injini. Upande wa pili tutamalizia hayo."

"Nitapaka mwenyewe," Bibi akasema. Akaenda kuitafuta brashi yake, akaikuta alipoiacha.