Kichupa cha Mediatori

Mume wangu Liévin hupoteza vitu. Gita hajawahi kulipoteza, nadhani kwa sababu ni kubwa. Lakini mediatori, kile kipande kidogo cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi, alikuwa anapoteza tatu kwa mwezi, na kila Jumapili asubuhi tulipindua nyumba nzima kutafuta kitu kisichozidi dole gumba.

Za dukani hatukununua. Alizikata mwenyewe kutoka kwenye kadi za simu zilizokwisha na bidon, yale madumu ya njano ya mafuta, halafu akasugua kingo kwenye sementi ya mlangoni mpaka zilainike. Alizikata kwa makasi yangu. Mimi ni fundi wa nguo, mashine yangu iko soko la Nyakasanza, na makasi yakiwa butu, sisi hatuli. Kwa hiyo niliamua kwamba hizo mediatori zitapata pahali pa kukaa, atake asitake.

Nilianza na kisanduku cha kiberiti. Kilidumu wiki mbili, akanyeshewa njiani, kikawa uji mfukoni. Nikamfungia kwenye ncha ya leso, fundo zuri. Leso ikaenda kufuliwa na mediatori zikamwagwa pamoja na maji ya sabuni. Yeye alikuwa na ujanja wake wa kuzichomeka kati ya nyuzi, kule juu kwenye kichwa cha gita. Akipanda pikipiki tu, zinaanguka. Nikamshonea kimfuko cha kitenge kwenye mkanda wa gita, chenye kifungo, kazi safi ambayo najivunia mpaka leo. Siku ya tatu akamwazima mpiga besi wa kanisa jingine mkanda huo, na haukurudi.

Ndipo nikaenda kuomba kichupa kwa Papa Dominique.

Papa Dominique alikuwa kiongozi wa kwaya yetu, na tuliishi uani kwake, mtaa wa Bigo. Tulipofika Bunia tukikimbia vita kule Beni, Plamedie wetu alikuwa na miezi mitano. Papa Dominique na mkewe Léonie walitukuta kwenye baraza la kanisa na godoro letu moja, wakatuchukua siku ileile. Miaka mitatu tulikaa katika chumba chao cha nyuma, na neno kodi hawakulitaja.

Kazi yake ilikuwa kununua dhahabu ya unga kwa wachimbaji, kidogo kidogo, na kuileta mjini. Aliibeba kwenye vichupa vya plastiki vya vidonge, vyenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, na juu yake alibandika sparadra, ile plasta ya kufungia vidonda, akaandika uzito na herufi ya jina lake. Vichupa vikichoka alivitupa kwenye ndoo iliyokuwa karibu na jiko.

Kwa mediatori sijaona kitu bora zaidi. Kinaingia mfukoni, hakipitishi maji, na ukitia pamba kidogo hakipigi kelele mchungaji anapoomba. Nilikiosha vizuri. Sparadra ndiyo ilikataa kubanduka, nami nilikuwa na nguo za arusi zinanisubiri kwenye mashine. Nikaiacha na maandishi yake: 14,2 D. Nani atasoma, nilijiambia. Nani atasoma, Ituri hii, ambako hata mtoto wa shule anajua maana ya kichupa chenye sparadra. Kosa hilo ni langu mimi, na nimelisema kabla mtu hajaniuliza.

Liévin alikipenda. Miezi minne hakupoteza hata mediatori moja.

Mwezi wa nane kwaya ilialikwa kuimba Mongbwalu, mji wa machimbo ya dhahabu, kwenye sherehe ya kanisa. Mimi nilibaki na kazi zangu. Siku ya kurudi, Abigaël, mmoja wa waimbaji, alinijia sokoni akihema, na begi lake la safari bado liko mgongoni.

"Mama Plamedie, bamekamata kaka Liévin ku barieri."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kachupa."

Akanisimulia. Kwenye barieri, kizuizi cha askari cha kuingilia mjini, waliteremshwa wote, wakaambiwa wamwage mifuko. Askari aliona kichupa, akakifungua, akamimina yaliyomo kwenye karatasi: mediatori nne, na unga wa njano. Ule unga ulikuwa plastiki ya bidon, kwa sababu Liévin alikuwa anasugua kingo za mediatori njia nzima na kuzirudisha ndani bila kuzipangusa. Askari aliuwashia kiberiti. Ulipoyeyuka na kunuka, hasira yake iliongezeka, maana sasa aliona kwamba dhahabu yenyewe imeshatolewa.

"Quatorze virgule deux iko wapi?" ndivyo alivyomuuliza, yaani zile gramu kumi na nne nukta mbili zilizoandikwa. "Umepatia nani?"

Liévin akasema kichupa alikiokota. Wakamfunga mikono.

"Na Papa Dominique?" nikamuuliza Abigaël.

Akatazama chini. Papa Dominique alikuwa amesimama hatua tatu nyuma ya Liévin, ameshika ngoma ya kwaya. Hakusema neno. Gari liliporuhusiwa, alipanda pamoja na wenzake.

Nilifunga mashine, nikaenda moja kwa moja nyumbani. Nilimkuta amekaa uani, hajavua hata viatu vyenye vumbi la safari.

"Papa Dominique, ile kachupa ni yako. Ile maandiko ni ya mukono yako. Wende ubaambie."

"Kaswera, mwaka huu sina karte ya ruhusa ya kununua dhahabu," akasema. "Nikisema ni yangu, banafunga miye, na banakuya kupekua humu nyumba."

"Na bwana yangu?"

"Batamuachilia. Habakumukuta na kitu. Siku mbili, tatu. Chakula yake Léonie atapika."

Alisema kwa upole. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia mambo. Hakuwa mbaya. Alikuwa ameogopa, na hofu yake ilikuwa inamla mume wangu.

Siku tatu zikawa nane. Kila asubuhi nilipeleka chakula kule kituoni alikofungwa, nikarudi kushona, sindano inanichoma vidole kwa sababu mawazo yako kwingine. Jioni Plamedie alikuwa anauliza baba amelala wapi, nami nikamwambia amekwenda kuimba. Léonie alipika kweli, kila siku, na kila siku aliniletea sahani bila kunitazama usoni. Siku ya nane mkubwa wa pale, ambaye wote walimwita shefu, aliniita mezani kwake.

"Mama, bwana yako ni kichwa nguvu. Anasema aliokota. Jumatatu tunamutuma ku parquet, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka kule ni gereza. Ukituletea mwenye hii kachupa, yeye anatoka."

Kichupa kilikuwa mbele yake, juu ya makaratasi, na sparadra yangu kaidi bado imeng'ang'ania.

Nilirudi nyumbani nikachukua kaye ya nyimbo, daftari letu la kwaya. Kila mwimbaji alikuwa na yake, na Papa Dominique ndiye aliyeziandika zote, namba za nyimbo pembeni, kwa ile nne yake yenye mkia na D yake iliyojikunja. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Niliificha ndani ya kitenge, nikapita mbele ya jiko ambako Léonie alikuwa anachambua maharage, nikamwambia nimesahau kitu sokoni.

Kwanza waliniruhusu kumwona Liévin, tukitenganishwa na nondo za dirisha. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimwonyesha kaye, akaelewa mara moja.

"Rudisha hiyo ku nyumba," akasema.

"Weye utaoza humu?"

"Ule mutu alituokota, Kaswera. Mutoto yetu alijifunza kutembea mu ua ya parcelle yake."

"Na yeye alikuacha ku barieri, akapanda gari."

"Aliogopa."

"Weye unaogopaka kila siku, na haujauzisha mutu."

"Ni vile," akasema. "Basi usinianzishe kuuzisha batu leo."

Nilipandwa na hasira nisiyoweza kuieleza, na zaidi ilikuwa juu yake kuliko juu ya Dominique. Yeye alikuwa ndani na utu wake, mimi niko nje na mtoto anayeuliza maswali. Shukrani nilikuwa nayo, tena tele. Lakini nilimpenda mume wangu na nilitaka arudi nyumbani. Sikutafuta sababu nyingine wakati ule, na mpaka sasa sijaipata.

Nikaenda kwa shefu, nikaweka kaye mezani. Aliifunua, akasogeza kichupa karibu na ukurasa, akatazama huku na huku. Hakuchukua muda.

"Jina yake?"

Nikalitaja lote, na mtaa. Lilitoka vizuri, halikunikwama popote, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Walimchukua Papa Dominique kesho yake asubuhi, uani, mbele ya watoto wake. Nilikuwa chumbani nimeketi sakafuni, nimemziba Plamedie masikio, kama kwamba angeelewa. Wakapekua nyumba, wakaondoka na mizani yake. Saa sita mchana Liévin aliingia mlangoni. Alioga, akabadilisha shati, akambeba mtoto kwa muda mrefu. Hakuniuliza nilifanya nini. Nilimwekea chakula, akala kidogo.

"Tutafute nyumba ingine," akasema.

Nilikuwa nimeshaanza kufunga vyombo. Tulikuwa tukifunga hivyo, yeye godoro na mimi masufuria, nilipomwona Léonie anavuka ua kuja kwetu. Nikasimama. Nilijua anakuja kunitukana, na ulimi ninao, majibu nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi: kwamba mume wake alikuwa wa kwanza kumuuza mwenzake, kwamba kunyamaza pia ni kuuza, kwamba mimi nilisubiri siku nane.

Alisimama mlangoni. Mkononi alikuwa na beseni dogo limefunikwa kitambaa, na kitenge chake alikuwa amekifunga ovyo, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Kaswera," akasema, "bamenirudisha ku mulango na chakula. Banasema haiingie. Weye uliingizaka namna gani?"

Nikamwambia aweke beseni chini, akae. Nikamweleza apite mlango wa nyuma, si wa mbele, na asiende kabla ya saa nne, maana askari wa zamu ya usiku wanakuwa hawajaondoka. Amuulize yule mwembamba mwenye kikohozi. Nyama asiweke juu, itabaki njiani, aifukie chini ya ugali wa fufu. Maji apeleke kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Sahani asiiache, achukue siku ileile. Alikuwa anatikisa kichwa na kurudia maneno yangu polepole ili asisahau, nyuma, saa nne, mwembamba, chini ya fufu.

Alipoinuka kwenda, akageuka.

"Na banabapigaka?"

Liévin alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ametupa mgongo, kamba ya godoro mikononi. Alijibu bila kugeuka.

"Siku ya kwanza tu, Mama Léonie. Kiisha banaacha."

Léonie akasema asante, akachukua beseni lake, akaondoka. Siku nane nilikwenda pale asubuhi kwa asubuhi, na mimi sikumuuliza Liévin hata mara moja kama wanampiga.