Mchanga Mweusi wa Nchagwa

Kwa miaka minne Ghati aliilea hasira yake, hadi chuoni alikokwenda kusomea ualimu wa fizikia.

Mama yake, Wegesa, ndiye aliyetumwa na akina mama waosha mchanga wa dhahabu, huko Tarime, apeleke mchanga wa dhahabu wa kikundi kwa mzee Nchagwa, msafishaji, ukasafishwe. Dhahabu ikarudi kidogo. Wenzake wakasema ameificha mdomoni, wakamfukuza kikundini. Tangu siku hiyo hata kisimani hakusalimiwa.

Nchagwa peke yake ndiye alikuwa na sumaku. Aliulowesha mchanga, akapitisha sumaku, na ule mweusi wenye chuma ukanata mabonge mabonge. Akaukung'utia kwenye kopo lake. Desturi ilikuwa hiyo: uchafu ni wa mwenye sumaku.

Ghati alirudi na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Maabara ilikuwa imemfundisha kwamba sumaku huvuta chuma, wala haivuti dhahabu. Lakini mchanga ukilowa, mabonge ya chuma huondoka na punje za dhahabu zilizokwama ndani.

Siku ya kusafisha alikwenda, akawakuta akina mama wameketi wakisubiri.

"Shikamoo, mzee. Nipe hilo kopo nikakutupie uchafu."

Nchagwa akacheka, akauliza kama digrii siku hizi ni ya kuzoa taka. Lakini kopo hakulitoa. Agustina, mwenyekiti wa kikundi, yeye aliyetangulia kumwita Wegesa mwizi, akamkazia macho.

"Si uchafu? Mpe mtoto."

Ghati akaukausha ule mchanga kwenye kikaango, akautandaza juu ya karatasi, akapitisha sumaku aliyoifunga kwenye nailoni. Weusi ukaruka juu, ukang'ang'ania. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa cha njano.

Akina mama wakaiinamia karatasi. Kisha Agustina akaokota mchi. Ghati akamshika mkono. Kipigo kingekwisha jioni hiyohiyo, na yeye alitaka adhabu ndefu zaidi. Akamwambia Nchagwa abebe kopo lake apite nyumba tisa, ya Wegesa kwanza kisha nane za kikundi, akiungama mlango kwa mlango. Akina mama wakamfuata nyuma.

Wegesa alikuwa uani akichambua mboga. Nchagwa akanong'ona kitu akiangalia chini.

"Rudia, mzee," Ghati akasema. "Mama hajasikia, na bado nyumba nane."

Kisha akamgeukia Agustina.

"Na wewe, mama, akimaliza ni zamu yako."