Bisibisi ya Niyonkuru

…na hiyo skrubu ya nne ameiweka wapi, Asmahani aliziona tatu kwenye kifuniko cha kopo, ya nne haioni, au ameificha kiganjani, mafundi ndivyo walivyo, wewe unakodolea mkono huu kumbe mwingine ndio unaoiba, ndiyo maana asubuhi Shamsi alimwambia, mama Safina, wewe una kidato cha nne, simama mbele ya meza usipepese, huyo Mrundi akichomoa chipu ya picha akatupachikia iliyokufa, tumekwisha, naye akamfunga mtoto mgongoni akaja, na sasa yuko hapa kibarazani kwa Niyonkuru, jua linampiga utosini, hapepesi… ah, ile pale, imenasa kwenye sumaku ya bisibisi, haya, hiyo sawa, bado nyingine, na nyuma yake mume wake na Khamisi wa bodaboda hawanyamazi, "Eksboksi ina nguvu kuliko hiyo PS yenu," anasema Khamisi, "niliicheza Kasulu, nyasi za uwanja unaziona moja moja!" na Shamsi, "Nyasi? We unacheza mpira au unachunga mbuzi? Diski zake utazipata wapi Kibondo hii?" wanacheka, anacheka vipi mtu huyu na kibanda chao cha gemu kimefungwa wiki nzima, wateja wote wamehamia kwa Nurudini ng'ambo ya barabara, kwenye ile PS Five yake nyeupe, imesimama wima kama birika la wageni, na Nurudini mwenyewe kila akimwona, shemeji, mashine inaendeleaje, nani anaulizia hali ya mashine kama mgonjwa, alijuaje kwamba inaumwa, halafu fundi wake ni nani, si huyuhuyu Niyonkuru, na ya kwao nani aliifungua mwezi uliopita kurekebisha pale waya wa tivii unapoingia, si huyuhuyu, wiki mbili tu baadaye kioo kikajaa mistari ya zambarau, wachezaji wakapoteza nyuso, zikabaki jezi zinakimbia zenyewe, kisha giza… Shamsi alisema ni kampuni za hizo mashine, wanazitega zife ili ununue mpya, wanashindana wao huko tunaumia sisi huku, na ni yeye, Asmahani, kwa mdomo wake, aliyemwambia, unawalaumu watu wa mbali wakati mwenye bisibisi yuko karibu, Shamsi akaitikia kwa kichwa, akasema nikikuta kaichezea anakwenda kituoni leo hii, na kibali chake cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta akiage… alisema hivyo kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Shamsi ndiyo ya kuogopa, kwa sauti hiyohiyo alimwambia dada yake wa kuzaliwa naye panda pikipiki urudi Kitahana, kisa aliangusha padi ya kuchezea ikapasuka, padi tu, mwaka wa pili huu hawasalimiani… "Mama, sogea kidogo, unanizibia mwanga," anasema Niyonkuru, na Asmahani anasogea nusu hatua, nusu tu, kwa nini anataka nisogee, feni inatoka, imeziba, inafanana na kiota, anaingiza kibano, anavuta taratibu, kinakuja kitu kirefu, si waya, waya haulegei hivyo, ni uzi, uzi wa pamba, wa manjano… manjano ya ukingo… Mungu wangu… ni ule uzi alionunua sokoni Kasulu akiwa na mimba ya Safina, alishona kitambaa kile mwezi mzima, maua meupe ukingo wa manjano, maana barabara ya Kibondo ina vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya sufuria, na mama yake hufunika redio, tivii, mpaka mgongo wa kochi, akiona nyumba haina vitambaa husema mnaishi kama mko stendi, basi akaifunika mashine vizuri, akaivutia kitambaa mpaka ubavuni kwenye vile vitundu vya hewa, hata watu wakiwa wanacheza, akiigusa ina moto anasema inafanya kazi… yaani hakuna chipu iliyoibwa, iliungua ikitafuta pumzi chini ya maua yake, naye alishamwashia fundi wa watu moto… Niyonkuru ameuona uzi, anamtazama yeye, anamtazama Safina mgongoni, kisha anaukunja kidoleni na kuusukuma chini ya gazeti lililotandikwa mezani, "Umekuta nini humo?" anauliza Shamsi, kwa ile sauti ya chini, "Vumbi, mzee, ni vumbi tu," "Vumbi! We si uliifungua mwezi jana? Mbona kwa Nurudini haliingii?" "Ego, ndiyo mzee, nilifungua," anajibu, basi, haongezi neno, mbona haongezi, sema, jitetee, anataka nini kwangu huyu, atakuja kunidai nini kesho, mtu hafichi aibu ya mwenzake bure… lakini kibano chake kinagongagonga meza, naye anajua kituo kilipo na anajua barabara ya Nduta, na bado ameuficha uzi, na mimi mwenye kidato cha nne ndiye niliyemtaja… Khamisi amedakia tena, "Ya Nurudini ina chipu nyingine kabisa, haichemki," "Nani kakwambia haichemki?" wamerudi kulekule, na Asmahani anaiona pikipiki ya kwenda kwao Kasulu, mtoto mgongoni, begi la nguo mapajani, mama akiuliza umefanya nini tena, na bado anasikia sauti ikimtoka, "Baba Safina, ni mimi, nilikuwa naifunika na kitambaa, uzi ndio umeziba feni," na Shamsi, bila kugeuka, "Ngoja kwanza mama Safina, tunaongea, Khamisi, nisikilize wewe," hajasikia, Mungu kampa mlango wa kutokea, Niyonkuru anatikisa kichwa, acha, mama, acha, bisibisi ikiwa bado mkononi, mashine wazi, jua palepale… na yeye anashangaa kwamba mara ya kwanza ndiyo ilikuwa nzito, anampandisha mtoto mgongoni, anakaza kanga, anavuta pumzi ya kusema kwa sauti.