Kompyuta ya Baba Ilivyoharakishwa

Kompyuta ya baba ilikuwa nzito kuamka kuliko mimi, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Ukiiwasha, unapiga deki chumba kizima, unarudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Baba anasubiri, mikono magotini, miwani puani.

Alikuwa anaandika maelezo yake. Miaka tisa nyuma boila ya kiwanda cha sabuni ililipuka, wafanyakazi wawili wakaungua na mvuke wakafa, na ripoti ikasema msimamizi wa boila alikuwa amesinzia. Msimamizi mwenyewe ni baba. Yeye anasema aliandika barua tatu kuhusu vali mbovu, na anakumbuka tarehe, zamu, hata aliyezipokea. Baada ya kuzungushwa miaka yote hiyo, kamati ya rufaa ikakubali kumsikiliza: Jumatatu, saa tatu, aje na maelezo ya maandishi. Kurasa arobaini na moja, zote kazidonoa kwa kidole kimoja, na bado alikuwa anarekebisha.

Kaka hakutaka. Kaka ni afisa utumishi kiwandani humo humo, na kila neno la baba lilikuwa linatikisa kiti chake. Maelezo ya kwanza baba aliyaandika kwenye daftari; kaka akalichoma, akasema eti lilichanganyika na magazeti. Yalipohamia kwenye kompyuta, mara mbili kaka alinivuta pembeni: "Mdogo wangu, yafute tu. Mzee atasahau, sote tutapumua." Mara zote mbili nilimpa vidonge vyake. Mara ya pili baba alisikia kutoka chumbani, akacheka mpaka akakohoa. "Pilipili," akaniambia, "wewe ndiye mtu wangu."

Wiki ile ya mwisho kompyuta ikaanza kuganda katikati ya sentensi. Kaka akajitokeza na ukarimu wake: "Nitamnunulia mpya. Hiyo kuukuu nitaichukua, nikaitupe mwenyewe." Baba akasema haiondoki. Mimi nikaamua iongezwe RAM, iwe na nafasi ya kufanyia kazi, yaishe.

Fundi wetu tunamwita Daktari, kwa sababu huweka sikio kwenye kasha kabla ya kulifungua. Alikuja Ijumaa asubuhi, baba ameenda kinyozi kujiandaa na Jumatatu. Akafungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Dada, RAM za aina hii siku hizi hazipo madukani. Nikiagiza, wiki mbili."

"Wiki mbili? Mzee Jumatatu yuko mbele ya kamati!"

"Basi tuipunguzie mzigo. Diski imejaa mpaka shingoni. Tukifuta makorokoro, tukaipanga upya, itakimbia. Au tumsubiri mzee?"

Nilitaka baba arudi akute imepona. Nilitaka nimwone akifurahi, basi. "Tusimsubiri," nikasema. "Ila nyaraka zake usiziguse."

"Sizigusi. Lakini hili pipa la taka, la vilivyofutwa, nalo limejaa. Kuna vitu humu vya jana tu."

"Daktari, nawe! Taka ni taka. Mwaga."

Kompyuta ikauliza kama tuna uhakika. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza ndiyo mimi mwenyewe. Kisha Daktari akaipanga upya diski, kazi ya saa mbili, tukanywa chai.

Baba alirudi kidevu kinang'aa. Akawasha, na kabla hajakaa vizuri ikawa imeshaamka. "Aa, imekuwa kijana!" Akapiga makofi. Halafu akafungua pipa la taka. Akalifunga. Akalifungua tena.

"Vitu vyangu viko wapi?"

Ndipo nilipojua. Tangu daftari lichomwe, kila asubuhi baba alikuwa anayarudisha maelezo yake kutoka kwenye lile pipa, anaandika, na mchana akimaliza anayatupa tena humo humo.

"Kaka yako hupekua kila droo," alisema taratibu. "Nikajua kwenye taka hatachungulia."

Kuchapisha alipanga Jumamosi.

Daktari alihangaika mpaka jioni, jasho linamtoka. "Lingekuwa limemwagwa tu, ningeyapata," akasema bila kunitazama. "Lakini tumepanga vitu vingine juu yake." Alichookoa ni nusu ukurasa, orodha ya zamu isiyo na tarehe.

"Baba, sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

"Kaka yako alikuomba mara mbili."

"Nikamkatalia! Si ulisikia mwenyewe?"

"Nilisikia." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Halafu leo nimetoka kidogo tu, ukamwita fundi."

Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi na kidole changu. "Kama mimi ni mtu wako, kwa nini hukuniambia?" Nilipiga kelele kama kichaa. Akarudisha miwani puani, akageukia kompyuta.

Jumamosi na Jumapili alikaa mbele ya kompyuta iliyokuwa inakimbia, akaandika ukurasa mmoja na nusu. Jumatatu nikamsindikiza. Walimpa dakika kumi. Alichanganya tarehe za barua mbili, akajisahihisha, akachanganya tena. Walipomuuliza maelezo kamili yako wapi, akasema, "Yalifutwa nyumbani." Mwenyekiti akamshukuru kwa kufika.

Jioni ile kaka akaja. Habari zilikuwa zimeshamfikia ofisini. Alikuwa na boksi la kompyuta mpya kwapani na uso umekunjuka, uso ambao nilikuwa sijauona kwa miaka tisa. Akaniwekea mkono begani, mbele ya baba.

"Ahsante, mdogo wangu. Nilijua mwisho wa yote utanielewa."

Nikautupa mkono wake. Nikasema ni uongo, ilikuwa bahati mbaya, muulizeni Daktari. Nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayejitetea. Kaka alitabasamu tu, akaanza kufungua boksi.

Nikamgeukia baba. Alikuwa ameshaacha kuniangalia. Akaniita kwa jina langu la shule, ambalo nyumbani hakuna anayelitumia, akaniomba kwa adabu kabisa nimzimie kompyuta.