Pipa la Dasara

Hesabu ya makaa haikuwa ya kweli, na aliyeiharibu ni Mansukh Vasava mwenyewe.

Kiwanda chao cha Ankleshwar, India, kilikuwa kinajaribu kiyeyushi kipya kilichochemshwa kutokana na mabaki ya miwa. Cha zamani kilitia mikono ganzi. Mansukh alikuwa na vidole vitatu visivyohisi kitu. Lakini wanunuzi walitaka kipya kipimwe uchafu wake wote, kuanzia shamba la miwa hadi moshi wa mwisho. Kikizidi cha zamani, hawakitaki.

Mpimaji, Ketki, alifika siku moja baada ya Dasara. Kwa sikukuu hiyo mafundi huosha mitambo na kuivika maua. Mansukh alikuwa ameingia ndani ya pipa la kuchemshia akakwangua ukoko wote, chuma kikang'aa. Pipa safi hushika moto upesi: toroli nne za makaa zikatosha. Siku nyingine zote hula tisa. Kiyeyushi cha zamani hula sita.

"Weka sahihi hapa, Mansukhbhai," Ketki alisema.

Mansukh aliishika kalamu, asiandike.

"Andika, bhai, ndugu yangu, kalamu haiumi," alisema Dipesh, msimamizi.

Naran, mwenzake wa zamu, akamsogelea sikioni. "Ukifungua mdomo tunarudi kunusa sumu. Umevisahau vidole vyako?"

"Vyenyewe ndivyo vilivyonisahau."

"Basi nyamaza."

"Na wanunuzi wakija kugundua wenyewe? Kipya hawatakigusa tena maisha."

Ketki aliinua macho. "Mnanong'ona nini?"

"Ketkiben, dada yangu, pipa ulilopima lilikuwa bwana harusi," Mansukh alisema. "Limeogeshwa, limevikwa maua. Njoo ulione likishakaa kwenye ndoa wiki mbili."

"Litakula ngapi?"

"Tisa."

Dipesh alitoka nje. Ketki aliikata ile nne kwa mstari mmoja.

"Kwa nini hamlikwangui kila wiki?"

"Kukwangua ni siku mbili, na kiwanda hakisimami. Lifungiwe kikwangulio cha ndani, kizunguke chenyewe pipa likichemka."

Kikwangulio kilifungwa. Pipa likapimwa upya, mwezi mzima, bila maua. Toroli tano. Kipya kikapita.

Ilichukua miezi kumi na moja. Kwa muda wote huo watu sita walirudi kwenye kiyeyushi cha zamani. Wanne hawakudhurika. Naran alipoteza vidole viwili, havihisi hata moto wa chai. Mansukh alipoteza kimoja, cha nne.

Naran, aliyeacha kumsalimu tangu siku ile ya sahihi, alimsalimu tena baada ya Dasara iliyofuata.