Shuka la Oretta

Serikali ya Firenze ilipoamuru watu wote wakae ndani siku arobaini kwa ajili ya tauni, ilisahau kuamuru wakae kimya. Kwa hiyo mtaa wa wafuma hariri ulihamia madirishani. Huko watu waligombana, wakachumbiana, wakasali, na mkate wa bure ulipopita, wakalalamika kwamba ni mdogo.

Dianora peke yake hakuwa na la kusema. Mlango wake ulikuwa umepigwa komeo la chuma kwa nje, tangu wabebaji wa wagonjwa walipomchukua binti yake Oretta kumpeleka hospitali ya tauni kilimani. Oretta hakurudi. Waliorudi ni wabebaji, wakachoma kila kitu cha nguo nyumbani: godoro, mapazia, hata tambara la kufutia meza, ambalo kwa kweli lilistahili.

Kitu kimoja hawakukipata. Mama wa Firenze atakupa jino lake kabla hajakupa shuka la harusi la bintiye, na Oretta alilitarizi lake kwa miaka minne. Kabla wabebaji hawajarudi kuchoma, Dianora alilitia kwenye kikapu cha mkate, akalivusha kwa kamba hadi dirisha la ng'ambo, kwa dada yake Nannina.

"Nitunzie, dada. Sina kingine cha mwanangu."

Jumamosi akaja Padri Lapo kuungamisha watu. Kwa amri ya maafisa wa afya alikaa kigodani katikati ya njia, joho limepakwa nta ya kuzuia tauni, na mwenye dhambi akapaza sauti kutoka dirishani. Mtaa mzima ulishikwa na uchaji Mungu usio kifani. Hakuna dirisha lililokosa sikio.

"Nimemtukana mke wangu, Padri," alianza Mzee Baccio, mshona viatu.

"Mara ngapi?"

"Mara saba."

"Ishirini!" mkewe akasahihisha kutoka jikoni.

Watu wakacheka. Dianora hakucheka. Alikuwa akimtazama Nannina dirishani, aliyejifunika lile shuka mabegani kwa sababu ya baridi. Akisema, shuka litachomwa na dada atafungiwa. Akinyamaza, shuka litaendelea kumkumbatia dada, pamoja na tauni yake.

"Dianora, mwanangu, zamu yako."

"Nimeficha shuka la marehemu, Padri."

"Liko wapi?"

Mzee Baccio akaacha kutafuna.

"Kwa Nannina. Dada, livue! Livue sasa hivi!"

Siri ya maungamo haivunjwi, na Padri Lapo hakuivunja. Lakini askari wa pale kona alikuwa na masikio yake mwenyewe. Shuka lilivutwa kwa ndoano ndefu, likachomwa njiani, na mlango wa Nannina nao ukapigwa komeo.

"We nyoka!" Nannina alipiga kelele. "Unanipa mwenyewe, halafu unanichongea kwa Mungu na kwa askari kwa mpigo mmoja!"

Tangu hapo, kila asubuhi Nannina alifungua dirisha kumtukana mdogo wake.

"Umeamka, muuza dada?"

"Nimeamka, dada."

"Meno yakung'oke yote, libaki moja la kukuuma!"

"Amina, dada."

Matusi yalizidi kunoga, mtaa ukawa unayangoja kama mkate. Dianora aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akajitanda kitambaa kichwani, akasimama kuyapokea. Maadamu dada anatukana, dada anapumua.

Siku ya sita dirisha lilifunguka kidogo tu.

"Mjinga wewe," sauti ilisema, imekauka.

"Amina, dada. Na kesho unitukane vizuri zaidi."

Siku ya saba dirisha halikufunguka. Mkate ukapita. Dianora akajikaza, akaanza yeye.

"Nannina! Mvivu wewe! Amka, mwizi wa shuka! Hata baba alisema ulizaliwa umelala!"

Madirisha yote yalikuwa wazi, na hakuna aliyecheka.

"Nijibu basi, dada. Hata tusi moja."

Alitukana hadi sauti ikamkauka, na wabebaji walipofika na machela mlangoni kwa Nannina bado alikuwa akitukana.